Siku ya Pili ya Kozi ya Visanduku

...na laiti Yngve angekichukua chote kile kipande, akakitia mdomoni, mambo yakaisha, basi asubuhi hii Gunvor angeona walau kitu kimoja kimemalizika, lakini wapi, Yngve ni mtu wa Härnösand, huku kaskazini mwa Uswidi, kama wao wote, keki ameioka mwenyewe kwa kuwa Ijumaa hii ni zamu yake ya kuleta kitu cha kahawa, na hata aliyeoka hathubutu kula kipande cha mwisho mbele za watu, kipande cha aibu wanakiita, kwa hiyo akashika kisu, akakikata katikati taratibu kama anayempasua mgonjwa, akatwaa nusu, akaacha nusu, akaisukuma sahani kwa Ragnvald aliyekaa kushoto kwake, na papo hapo Marika, mkuu wao, mwenye daftari jipya na tabasamu la mtu anayeamini mikutano, akasema, "Haya, tunazunguka meza, kila mtu asikike, hakuna kumkatiza mwenzake, swali ni lile lile, tuchague programu gani ya kutengenezea modeli za joto za hii miradi yetu midogo ya matangi na mabwawa, na nikumbushe tu, tukichagua ile ya visanduku basi Gunvor ndiye atakayetufundisha Jumatatu, maana hapa ndani mwenye cheti ni yeye peke yake," na wote wakamgeukia Gunvor kwa macho ya heshima, naye akatabasamu, akanywa kahawa ikamwunguza ulimi, akameza hivyo hivyo, Jumatatu, leo Ijumaa, Jumatatu, yaani zimebaki siku mbili na vipande vyake kabla hajasimama mbele ya ukuta, mwanga wa projekta umemmulika usoni, watu wanne wakisubiri abonyeze kitufe ambacho hajui kiko wapi.

Maana hajui, hilo ndilo jambo, na hakuna binadamu anayelijua isipokuwa yeye, miaka ishirini ameketi katika ofisi hii kama mtaalamu wa uigaji wa mitambo kwa kompyuta na hajui kuiendesha ile programu hata kwa dakika moja, anajua kuifungua, anajua kuburuta kisanduku cha tangi na kisanduku cha vali na kuviunganisha kwa mishale mpaka vikapendeza, hayo yalifundishwa siku ya kwanza ya kozi kule Sundsvall, mji wa jirani, lakini jinsi ya kuviendesha, jinsi ya kuliambia tangi la uongo lianze kupata moto ili uone mstari wa joto ukipanda, hilo lilifundishwa siku ya pili, na siku ya pili... "Mimi nafunga nyaya tu, jamani," Yngve alikuwa akisema, "mkichagua hii nafunga nyaya, mkichagua ile nafunga nyaya, sina la kuongeza," na Marika akaandika kitu kirefu kuliko alichosema Yngve, akauliza, "Lakini umeridhika na utaratibu?" na Yngve akavuta pumzi ndani ghafla, hup, kama mtu aliyeingia maji ya baridi, ambayo huku kaskazini ndiyo namna yetu ya kusema ndiyo, na hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizotoa tangu Krismasi.

Siku ya pili alipanda basi kama kawaida, alfajiri njema, mvua ya wiki nzima ilikuwa imekatika usiku ule, jua linawaka juu ya msitu uliolowa, ameshika begi lenye kalamu mbili na ndizi, amedhamiria kabisa kujifunza, na basi likasimama kumchukua bibi mmoja mahali pasipokuwa na nyumba wala duka, na Gunvor akatazama dirishani bila nia yoyote mbaya, Mungu ni shahidi, akaona chini ya misonobari, pale penye zulia laini la kijani, rangi ya manjano, si jani, si jua, uyoga wa manjano, si mmoja wala kumi, uyoga umetandazwa kama mtu kamwaga ndoo, na mkono wake wenyewe ukanyanyuka ukabonyeza kitufe cha kushukia, ndicho kitufe pekee alichobonyeza siku ile, akashuka, akaokota mpaka begi likajaa, akavua koti akalifanya gunia, akala ndizi yake akiwa amekaa kwenye kisiki, na hakuna siku aliyokuwa na furaha kama ile, hata ya harusi yake alikuwa na viatu vinavyobana, na cheti, ndiyo, cheti walikuwa wameshagawiwa wote jana yake jioni kwa sababu mwalimu alitaka kuepuka msongamano wa mwisho, kwa hiyo alirudi kazini Jumatano na karatasi yenye muhuri, na mkuu wa wakati ule akaitundika ukutani, na bado iko pale, juu ya mashine ya kahawa, kila siku anaikuta.

"...kwa sababu mfumo usiouona kwa macho huwezi kuudhibiti!" huyu ni Ragnvald sasa, ana miaka sitini na mmoja na sauti ya mtu aliyezaliwa kanisani, ameshakata nusu ya ile nusu na kula huku akihutubia, makombo yanamruka kwenye ndevu, "visanduku, jamani, visanduku! Unaburuta tangi, unaburuta vali, unavuta mshale, mtoto wa chekechea anaona maji yanatoka wapi yanakwenda wapi, lakini hiyo Python ya Tindra, hiyo lugha ya kompyuta, ni maandishi matupu, mstari juu ya mstari, kama barua ya benki," na Tindra, injinia wao mpya, ana miaka ishirini na sita na soksi mbili zisizofanana kwa makusudi, akasema chini chini, "Barua ya benki walau naisoma bila kuomba leseni kama ya visanduku," na Marika akainua kalamu kumkumbusha kwamba zamu si yake, na Ragnvald akaendelea, "tazameni kazi za Gunvor! Miaka yote! Ile michoro yake, visanduku vimenyooka, mishale imekaa sawa, mimi natumia programu ile ile na vyangu havijawahi kunyooka hivyo, siri yake sijui," na Gunvor akatazama chini ya kikombe kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

Siri yake ni rula, bwana, rula, anavichora mwenyewe, kisanduku baada ya kisanduku, kwenye programu ya kutengenezea kurasa za kuonyesha ukutani mikutanoni, ametafuta mpaka akaipata rangi ya kijivu inayofanana na ya programu yenyewe, na mishale anaipima kwa rula ya plastiki aliyoibandika juu ya kioo cha kompyuta, ripoti baada ya ripoti, miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kuuliza, na yale majibu, mistari ya joto inayopanda na kutulia, hayo anayapata kwa Excel, Excel ile ile ambayo binamu yake anaandikia wageni wa harusi, mlango umefungwa, kama mtu anayevuta sigara kwa kificho, na kila mara akisikia hatua ukumbini anaifunika na picha ya visanduku, na kuna mchana mmoja Ragnvald aliingia bila kubisha hodi naye akaifunika kwa haraka mno mpaka Ragnvald akaona haya, akasema samahani, akatoka, na kwa wiki nzima baadaye alimtazama kwa huruma, sijui alidhani ameona nini.

Na anafanyaje kwenye Excel, mambo ya aibu kweli, mambo ya darasa la sita, seli ya juu anaandika joto la tangi sasa hivi, seli ya chini yake anaandika, chukua joto lililopita, ongeza kidogo kilicholetwa na hita, toa kidogo kilichotorokea nje kwenye baridi, basi, halafu anashika kona ya ile seli na kuiburuta chini, chini, chini, kila mstari ni sekunde kumi za maisha ya tangi, na tangi lote linajitokeza lenyewe, linapata moto, linapitiliza, linarudi, linatulia, na mwanzo alikosea sana, usimwambie mtu, aliweka kila mstari dakika kumi na bwawa la kuogelea la watoto likapanda mpaka nyuzi elfu nne, kisha likashuka chini kuliko baridi yoyote iliyowahi kuwepo ulimwenguni, kisha juu tena, akakaa akilitazama hilo bwawa na kucheka mpaka machozi, peke yake, mlango umefungwa, hakuna wa kumwambia, na ndiyo siku aliyoelewa kwamba hatua zikiwa kubwa hesabu inakuwa kichaa, hakuna kozi iliyomfundisha hilo, lilimfundisha lile bwawa... na tazama sahani, kile kipande kilikuwa kimoja, Yngve kakiacha nusu, Ragnvald kakiacha robo, sasa sahani imeteleza mpaka kwa Tindra, atakiacha nusu ya robo, hii nayo ni seli tu, chukua iliyo juu, gawanya kwa mbili, buruta chini, na unaweza kuburuta mpaka Krismasi, keki haifiki sifuri, inapungua haraka kisha polepole kisha kwa adabu, ndivyo tangi linavyopoa, ndivyo mikutano ya Marika inavyoelekea uamuzi, huu ni wa nne, wa kwanza walikubaliana visanduku, wa pili wakabadili, wa tatu wakarudi, kama lile bomba la kuogea kwenye kibanda cha likizo cha Gunvor, unafungua maji ya moto, hayaji, unazidisha, hayaji, unazidisha, yanakuja na kukuunguza, unakimbilia ya baridi, na wewe uko uchi katikati unapiga kelele, kosa si la maji, kosa ni la mkono usioweza kusubiri.

Aseme nini zamu ikifika, akisema visanduku, Jumatatu anaumbuka mbele ya watu, akisema Python, Ragnvald atamtazama kama aliyemsaliti, halafu itabidi akae pembeni ya Tindra ajifunze toka alifu, mwenye cheti ukutani, na Tindra si mjinga, atagundua kwa dakika tano kwamba mtaalamu huyu hakuwahi kuwa mtaalamu, na akisema ukweli, hapana, ukweli una mkia, ukisema sijui kuendesha wataulizana kwa nini, ukisema siku ya pili sikwenda watauliza ulikwenda wapi, na pale mahali, chini ya misonobari, hapatajwi, huku mtu hamwonyeshi yeyote mahali pake pa uyoga, kila mwisho wa Agosti, mvua ikikatika na uyoga ukiota, anarudi peke yake, anaegesha gari mbali na kutembea kwa miguu ili asionekane, mumewe hapajui, dada yake hapajui, padri akimwuliza akiwa kitandani pa kufia atamdanganya, miaka minne tu imebaki astaafu, miaka minne ya kuchora kwa rula, je haiwezekani tu, akiumwa Jumatatu, homa, mgongo, mgongo haupimwi na mtu...

"Mimi nina swali kabla ya jibu," Tindra alikuwa ameanza, kisu mkononi, anakipima kile kirobo kwa jicho moja, "maana hili tangi la maziwa la yule mteja wetu, mama wa kutengeneza jibini, nyuzi thelathini na mbili, likipitiliza kidogo maziwa yote yanaharibika, si ndiyo, sasa mimi niliandika modeli yangu, nzuri, ndefu, ikanipa jibu, lakini nitajuaje kama ni kweli? Nikaenda kwenye kompyuta ya ofisi kutafuta kazi za zamani nilinganishe. Za Ragnvald hazifunguki, zinataka toleo la zamani ambalo hatuna tena." "Zilifunguka!" Ragnvald akasema, na Marika akainua kalamu. "Halafu nikakuta folda inaitwa Mapishi ya Jamu," akaendelea Tindra, na Gunvor akavuta kikombe chake karibu, "nikafungua kwa sababu nilitaka mapishi, jamani, bibi yangu alikufa na ya kwake, ndani kuna faili, Jamu ya Mwisho, Jamu ya Mwisho Kweli, Jamu ya Mwisho Kweli Namba Mbili, nafungua, hakuna sukari wala matunda, ni matangi yetu! Yote! Tangu kabla sijaanza shule! Ni Excel tu, safu moja ya joto inashuka chini, na pembeni kaandika kwa maneno ya kawaida, hapa hita inawaka, hapa mlango wa banda umefunguliwa, hapa fundi kasahau kifuniko. Nilielewa kwa dakika kumi. Nikaweka namba za yule mama wa jibini, nikaburuta chini, na jibu langu lilikuwa limekosea, nilikuwa nimesahau kwamba maji ya kwenye bomba yanachelewa kufika. Miezi mitatu sasa kila nikimaliza kitu naenda kwenye jamu kuhakikisha. Kwa hiyo mimi sijali tuchague ipi, naweza kuandika, naweza kuburuta visanduku, mradi kazi zikiwa kubwa tuwe na programu ya kuziweza. Lakini vitu vidogo ningependa kujifunza kutoka kwa huyu mpishi. Ni nani?"

Yngve akatazama dirishani, Ragnvald akakuna ndevu na kusema, "Faili la bwawa la watoto limo? Mwaka ule modeli yangu ilikataa kabisa kulingana na joto la kweli," na Tindra akasema, "Limo, na limelingana, limeandikwa pembeni, hatua ndogo tafadhali, usirudie ujinga wa Jumanne," na hakuna aliyesema ni mimi, bila shaka, nani atasema ni mimi, hapa mtu hanyanyui mkono kuchukua sifa kama asivyochukua keki, na Tindra akakata, akala, akasukuma sahani, sahani ikaja ikasimama mbele ya Gunvor na kile kipande kilichobaki, hakizidi ncha ya kidole gumba, kimelala ubavu, chenye ganda la limau juu.

Ajabu ni kwamba aibu haikuja, aliisubiri, alikaza mabega tayari kuipokea, badala yake kikaja kitu kingine kutoka chini ya mbavu, kikapanda haraka, fahari, fahari tupu, ya mtoto, fundi kasahau kifuniko, ndiyo, ni yeye aliandika, alikwenda hadi kule kwenye baridi ya Januari kuona kwa nini tangi halikulingana na safu yake, akakuta kifuniko kiko chini kwenye theluji, aliyajua yale matangi, hili ndilo hakuwahi kujiambia, miaka ishirini alidhani maarifa yako kwenye kile kitufe na yeye amekikosa kwa sababu ya uyoga, kumbe kitufe ni kitufe, wenye kitufe walibonyeza na bwawa likawakatalia, na baada ya fahari ikaja hasira, na hasira nayo ilikuwa tamu, masaa yote yale ya rula, jioni ngapi, mishale mingapi, rangi ya kijivu, angeweza kuwa anaokota uyoga.

"Gunvor," Marika akasema, kalamu tayari, ukurasa wake bado mweupe kwenye mstari wa Uamuzi, "zamu yako."

Na mkono wake ukanyanyuka wenyewe, kama siku ile kwenye basi, ukapita kisu bila kukigusa, ukachukua kipande chote, akakitia mdomoni. Yngve akavuta pumzi ndani, na safari hii haikuwa ndiyo. Gunvor akatafuna bila haraka, limau, siagi, Yngve huyu kumbe anajua kuoka, akameza, akasema, "Jamu ni yangu. Na ile programu sijui kuiendesha, sijawahi kujua, siku ya pili ya kozi ya Sundsvall sikwenda. Vile visanduku nilivichora kwa rula."

Ragnvald akaweka kikombe chini. "Kwa rula?"

"Kwa rula."

"Hata mishale?"

"Hata mishale."

Akamtazama kwa muda mrefu, huyu mwanamume aliyemsifu miaka ishirini, naye Gunvor akamwachia amtazame, akaona uso ule ukitoka kwenye mshangao, ukapita mahali fulani palipokaribia kicheko, kisha ukasimama ghafla, macho yakasinyaa. "Ngoja kwanza," Ragnvald akasema polepole. "Kozi ile ilikuwa mwisho wa Agosti. Nakumbuka. Mvua ilinyesha wiki nzima, ikakatika usiku ule." Yngve akageuka kutoka dirishani. Tindra akaacha kulamba kidole. Hata Marika aliilaza kalamu mezani, na hajawahi kuilaza mkutano ukiendelea. "Gunvor," Ragnvald akasema, na sauti ya kanisani ilikuwa imeshuka ikawa mnong'ono, "siku ile ulikuwa wapi?"

Gunvor akakusanya makombo kwa ncha ya kidole, moja moja, mpaka sahani ikawa tupu kabisa, sifuri, na akahisi wepesi ambao hakuwa ameuhisi tangu kile kisiki.

"Hilo," akasema, "halimo kwenye ajenda."